Garnacha ya Gaudencio Altareni

Gaudencio Lapuente alikufa Jumanne, akiacha mke, meno matano na pipa moja la mvinyo wa zabibu za garnacha. Miaka yote alilima mizabibu ya babu yake, mashina mafupi yaliyopinda kwenye mteremko wa mawe chini ya mlima Moncayo. Ilizaa kidogo, tena kwa kinyongo, lakini mvinyo wake ulikuwa mwekundu, mzito, na ulipasha moto mpaka magoti. Kila Jumapili alitoka misani akinung'unika.

"Ati Damu ya Bwana, na padre anatumia mvinyo mweupe, mtamu kama dawa ya kikohozi! Orosia, nikifa, misa yangu isomwe kwa huu wangu."

Mkewe Orosia alimwahidi. Jumatano asubuhi, macho yamevimba kwa kulia, alibeba chupa hadi sakristia, chumba cha padre kando ya altare.

Padre Millán aliinusa. "Mwekundu unatia madoa vitambaa vya altare, mama."

"Nitafua mimi. Miaka hamsini nimefua mashati ya mlevi yule, nishindwe na kitambaa?"

Padre akacheka. "Haya. Lakini Kanisa linataka zabibu tupu. Niapie hakuna kingine humu."

Orosia aliitazama chupa, akakumbuka. Mvinyo ule ulipokawia kuiva, Gaudencio alifanya kama wazee wake: alitumbukiza paja la nguruwe lililokaushwa, ili pipa lipate chakula. Nyama iliyeyuka yote, ukabaki mfupa.

Orosia akinyamaza, ahadi inatimia. Lakini kumdanganya padre, hatua tatu tu kutoka tabernakulo, penye Mwili wa Bwana!

"Kuna nguruwe," alisema.

"Nguruwe?"

"Paja, Padre. La mbele. Si kubwa."

Padre aliuma mdomo asicheke. "Siwezi kumweka nguruwe kwenye kalisi, mama."

"Basi angetia la kondoo, mjinga yule. Si kuna Mwanakondoo wa Mungu?"

"Hata kondoo, mama."

Misa ilisomwa kwa mvinyo mweupe. Orosia aliinamia jeneza. "Nimejaribu, mzee wangu," alinong'ona. "Kosa ni lako."

Baada ya maziko majirani walifungua pipa, na padre akawa wa kwanza kuomba glasi. Orosia alikunywa glasi moja. Ulikuwa mtamu kuliko alivyokumbuka. Aliona haya kuufurahia siku kama ile, akamwomba Mungu msamaha, kisha akanyoosha glasi aongezwe.