Maji katika Maziwa ya Ayeeyo

Kosa langu lilikuwa kutia maji katika maziwa ya ayeeyo bila kumwambia. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali; ndiye aliyenilea mjini Garissa. Figo zake zilikuwa zimedhoofika. Daktari alieleza kwamba figo kama hizo hushindwa kutoa fosforasi, basi madini hayo hujazana damuni, ngozi ikawasha, mifupa ikalegea. Maziwa yana fosforasi nyingi. Anywe kikombe kimoja tu kwa siku.

Lakini yeye alikulia kwenye ngamia. Maziwa ndiyo yalikuwa chakula chake. Sikuwa na moyo wa kumnyima, wala wa kumwona akijikuna hadi damu. Nilikuwa nimejisomea biolojia peke yangu, na nilitaka kila jambo liwe sawasawa. Nikachanganya nusu kwa nusu.

Akaonja, akatema. "Huyu mwuza maziwa wa Balambala ameanza wizi!"

Kwetu, anayeuza maziwa yenye maji huaibika mbele ya soko zima. Asubuhi yake mwuzaji, rafiki yake wa siku nyingi, alipobisha hodi, ayeeyo alimkabili mlangoni.

"Unafuga ngamia au unafuga kisima?"

"Wallahi, dada, sijatia hata tone!"

Macho ya mwuzaji yalijaa machozi. Nikasema, "Ni mimi."

Ayeeyo alinitazama. "Ayeeyo," akaniita, maana kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lilelile, "ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa leo. Kesho ningekubali."

Mwuzaji ndiye aliyecheka kwanza. Tangu siku hiyo ayeeyo alikunywa kikombe kimoja, polepole, huku rafiki yake akimpigia soga.

Alipokaribia mwisho hakuweza kuinuka mkekani, akajilaumu kuwa amekuwa mvivu. Tulimzika.

Baadaye nikasikia redioni kwamba wataalamu wamegundua protini inayotengenezwa hasa na figo. Panya walioikosa walizeeka upesi, na fosforasi ikawazidi mwilini. Nilisimama ili nikamwambie, nikafika mlangoni kabla sijakumbuka. Nilitamani sana ajue kwamba haukuwa uvivu. Huenda mwili wake ulikuwa umeishiwa na kitu ambacho wakati ule hakuna kati yetu aliyekijua. Hadi leo natamani.

Dawa ya kuirudisha protini hiyo bado haipo. Nyumbani kwetu kimebadilika kitu kimoja: mgonjwa huambiwa yote, kisha huamua mwenyewe.