Sumaku ya Mnunuzi wa Dhahabu

Mnunuzi wa dhahabu wa machimbo ya Osiri haamini rangi. Akija kwa jirani yangu Abdirashid, hapa Migori mjini, kuchagua fimbo za gofu za mtumba, hutoa sumaku mfukoni kabla salamu hazijaisha. Huipitisha kwenye kichwa cha fimbo, hukigonga kwa ukucha, kisha huminya mshikio kama mama anayechagua parachichi soko la Oyugis. Jana Abdirashid alimpa moja inayong'aa. "Titani tupu hii, mzee." Sumaku ikanasa. "Omera, ndugu yangu, hii ni chuma imepakwa rangi," akasema, akicheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa aibu, Abdirashid akamletea fimbo bora kuliko zote dukani: titani ya kweli, mpini wa grafaiti, nyepesi kama bua. Sumaku ikateleza. Mnunuzi akapiga nayo mpira kwenye gunia lililoning'inizwa mlangoni, akiugonga makusudi kwa ukingo wa kichwa cha fimbo; mkono haukuhisi kitu. Akakosea vilevile kwa fimbo kuukuu ya chuma, akakunja uso, akapuliza vidole. Akaibeba hiyo ya chuma. "Hiyo yako nzuri inanificha makosa," alimwambia Abdirashid. "Hii nikikosea inaniuma mkono. Kule Osiri kila anayeniuzia dhahabu ananisifu tu."