Chupa za Mbok Wagiyem

Tangu usichana wake Mama Wagiyem, au Mbok kama walivyomwita, alikuwa mwepesi wa kinyaa. Vichochoro vya mji wa Klaten vilimjua kwa kikapu cha chupa za dawa mgongoni: za manjano na ukwaju za kunywa, maji ya majani ya tambuu ya kuoshea vidonda. Lakini akiona usaha tu, anataka kukimbia. Hata kidonda cha mguuni cha mzee Pak Kasmin, mkulima wa mpunga, alikiosha kageuza uso ukutani, anapumulia mdomo.

"Mbok, nanuka kiasi hicho?"

"Kama panya aliyefia darini. Tulia!"

Wiki tatu kidonda kiligoma kupona, kikazidi kuchimbika. Jirani yake Wagiyem, binti aitwaye Retnowati, alifanya kazi maabara ya chuo. Akaja akafuta usaha wa Pak Kasmin kwa pamba, akachukua na majani mabichi na chupa moja ya Mbok. Baada ya siku mbili akamwita Mbok maabara akaone.

Mezani palikuwa na visahani vitatu vya kioo. Viwili vilitandwa na utando wa njano wenye uvundo, bakteria waliooteshwa kutoka usaha wa Pak Kasmin. Wagiyem akaziba pua kwa ncha ya shali.

"Kwenye hiki cha kwanza niliweka dawa niliyoikamua mwenyewe kwenye majani yako," Retnowati alisema. Katikati ya uchafu ule palikuwa na duara safi, kama mtu kapafuta. "Jani linawaua kweli, Mbok."

"Nyie wasomi ndio kwanza mnajua?" Wagiyem alijibu, kichwa kimemvimba.

"Kwenye hiki cha pili niliweka maji ya chupa yako." Hapakuwa na duara. "Na hiki cha tatu sikutia usaha wa mtu. Ni maji yako matupu."

Cha tatu kilijaa madoa ya kijani na meupe, yanateleza kama makamasi.

"Uuh! Haya ya nani tena?"

"Yako, Mbok. Chupa unasuuzia wapi?"

Wagiyem alikuwa akizisuuzia mferejini nyuma ya nyumba, wanapooga bata. Alitoka mbio, akatapika kwenye maua ya chuo.

Nyumbani alikinusa kitambaa chake cha kuchujia. Kilikuwa na ute, kinanuka kidonda. Akakitupa motoni, kisha akaenda kwa Pak Kasmin kabla hajapoteza ujasiri.

"Nimekuosha kwa uchafu, Pak. Twende zahanati."

Mzee aliuvuta mguu wake. "Na wewe ndiye uliyekuwa unaniona mimi nanuka!"

Mguu ulipona kwa sindano za zahanati, ukabaki na kovu refu. Wagiyem alipita nyumba kwa nyumba akieleza ukweli. Nusu ya wateja wakamkimbia, mmoja akamtemea mate miguuni.

Siku hizi huchemsha chupa na vitambaa kila alfajiri, na dawa iliyolala haiuzi. Kwenye kila mlango hunywa yeye funda la kwanza, uso umemkunjamana.

"Chungu eh, Mbok?" mteja huuliza.

"Si uchungu," husema, akijifuta mdomo. "Nakumbuka nilichokuwa nawanywesha."