Konokono Wasiojua Chini

Kwa majuma kadhaa nilikana kwamba mtumbwi ulinitapisha. Nilisingizia samaki niliokula Karema, kijiji cha kando ya ziwa. Samaki wale hawakuwa na kosa.

Nilikwenda huko miaka ya sabini kutafuta mayai ya konokono wa ziwani. Ndani ya konokono mchanga mna vichembe vya chokaa, vinacheza kama punje ndani ya kayamba. Vinakoangukia, ndiko chini. Nilitaka kujua: akikulia mahali ambapo chini hakutulii, atakujuaje? Chuo kilinipa safari moja. Nisipopata jibu, ningerudi kufundisha sekondari, jambo ambalo wanafunzi wala mimi hatukulitamani.

Mpanda reli iliishia, nikapanda lori la magunia ya unga. Nilisinzia katikati ya miombo, nikaamka, miti ikawa ileile, kana kwamba barabara ndiyo iliyokuwa imelala.

Karema nilipokewa na Mwalimu Atanasia, kwa ugali na migebuka, samaki wa ziwa lao.

"Dada, hasa umefuata nini?"

"Mvutano katika ukuaji wa konokono."

"Wanavutana na nani?"

"Na dunia."

"Hiyo kesi hawaishindi."

Kesho yake alinipeleka kwa mtumbwi hadi kwenye miamba. Maji yalikuwa angavu, mawe ya chini yakionekana karibu, na mbingu imelala juu yake. Nikasahau ninaelea juu ya kipi. Kisha migebuka wa jana wakarudi kinywani.

Atanasia akaweka kasia magotini. "Nyie wa chuo mnatafuta konokono anajuaje chini, na nyie wenyewe chini kumewapotea."

"Ni samaki."

"Mbona wote tulikula?"

Mayai tuliyapata, yameng'ang'ania jiwe kama matone ya ute. Nilirudi nayo Dar es Salaam, chupa mapajani njia nzima. Mwenzangu wa maabara, Ezekieli, akaweka nusu mezani na nusu kwenye gurudumu dogo la umeme, likazunguka polepole bila kusimama, ili juu na chini vibadilishane kutwa kucha. Nami nililala nikiota nimo humo.

Simu ililia ofisini kwangu.

"Wametoka mayaini," alisema Ezekieli.

"Magamba yao?"

"Sawasawa. Huwezi kuwatofautisha."

Nikauona ubao wa sekondari.

"Ila nimewatia kwenye maji yaliyotulia. Wa mezani wanatembea. Wa gurudumu wanashika kioo, wanaachia, wanapinduka, kama hawaiamini sakafu. Sijui niielezeje hali hiyo."

"Naijua," nikamwambia. "Andika: kama mimi mtumbwini, Karema."