Sauti ya Mama Kwenye Akaunti Yangu

Kwetu hakuna anayeiruhusu kompyuta ijisasishe. Bando ni ghali, kwa hiyo ujumbe wa masasisho ukitokea unabonyeza "baadaye", na kesho yake unabonyeza tena. Mimi nilikuwa bingwa wa baadaye. Ndiyo maana nilipofika gesti moja ya Musoma yenye intaneti ya bure, mashine iliyavamia masasisho yote kwa pamoja, na kabla haijamaliza umeme ukakatika. Betri yangu ilikufa zamani. Kompyuta ikazima.

Umeme uliporudi niliandika nywila. Kioo kikawa cheusi, kisha ikanirudisha palepale pa kuandika nywila. Nikarudia, ikanirudisha tena na tena.

Ndani ya akaunti ile kulikuwa na sauti ya mama. Kabla hajapata kiharusi nilimrekodi akiwafundisha wanangu Kizanaki, maana wamekulia mjini na hata kumsalimia bibi yao hawajui. Simu niliyomrekodia iliibiwa, rekodi zikabaki kwenye kompyuta tu. Sasa mama alikuwa Butiama, hana neno hata moja, na asubuhi ileile mtaalamu wa matamshi wa hospitali ya pale Musoma aliniambia tumsikilizishe sauti yake mwenyewe, huenda ulimi ukakumbuka. Nilitaka kulia, nikatukana badala yake.

Nikapanda basi hadi Bunda kwa mdogo wangu, mwalimu. Mashine ilikuwa yake kabla hajanipa, na akaunti yake ilikuwa bado imo. Nikaambiwa yuko shuleni. Sina subira, kila mtu anajua, kwa hiyo nikaingia kwa fundi wa karibu na stendi, mzee mpole mwenye kofia ya kufumwa.

"Mama, hizi zinasumbuaga hivyohivyo," alisema. "Dawa yake kupiga windo tu."

Kupiga windo ndiyo dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta huku. Wanafuta kila kitu, wanaanza upya, na mashine inarudi nyepesi kwa sababu haina chako hata kimoja. Nilimwambia kuna vitu vyangu ndani.

"Si umeviweka kwenye flashi?" akauliza, na yake alishaichomeka.

Sikuwa nimeweka. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye kitufe. Niliung'oa waya wa umeme ukutani, kioo kikafa, na watu wote dukani wakageuka. Mzee aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, na kwa kweli sikuwa mbali na hapo.

Mdogo wangu alinikuta barazani kwake nimeikumbatia kompyuta.

"Dada, mbovu ni akaunti yako, siyo mashine," alisema. "Tupitie kwangu."

Akaunti yake ilifunguka bila shida, nikamwonea wivu. Tulipoifikia folda yangu tukaambiwa hatuna ruhusa. Akabonyeza kuendelea. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, ukafika katikati, ukasimama.

"Umeme ukikatika sasa hivi nahama nchi," nilisema.

Hakucheka. Tulikaa tukiutazama mstari ule bila kugusa kitu, hadi ukasogea, na majina ya rekodi yakajipanga mbele yetu. Tulizinakili kwenye flashi kwanza, ndipo akanifungulia akaunti mpya.

Nilipita Kiabakari bila hata kushuka kununua maji. Butiama nilimkuta mama kwenye kiti chake mlangoni. Nikaiweka kompyuta kwenye stuli mbele yake, nikafungua rekodi.

Sauti yake ikatoka, kali na changamfu. Ilitamka neno, kisha ikanyamaza ili watoto walirudie. Kimya hicho nilikuwa nimekisahau. Mama akainama mbele, akafungua mdomo, akajitahidi mpaka shingo ikakakamaa. Ikatoka pumzi tu.

Vizuri sana, sauti yake ikasema kwa Kizanaki, haya lingine.

Machozi yakamtoka. Sikuweza kuvumilia, nikaizima. Mama akaukamata mkono wangu kwa ule wa kwake uliobaki na nguvu, akaurudisha juu ya kitufe.