Nilivyofunga Jiko ili Kuokoa Kidole cha Mama Mkwe

Tii.

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja tu jikoni, halafu kimya. Kimya cha mtu aliyekishika kwa mikono miwili akiomba Mungu kisigonge tena.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri hapa Kibirichia, baridi ile ya kufanya meno yaongee yenyewe. Nikaamka, nikajifunga leso, nikatoka miguu mitupu. Jiko letu ni la mbao, liko kando ya nyumba. Nikachungulia kwenye ufa.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi gizani, anakula.

Mama mkwe mwenye sukari. Mwenye kidonda. Na mimi, jamani, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha sukari.

Ngoja niwaeleze vizuri, mnicheke kwa mpangilio.

Naitwa Kathure, ila hapa kijijini mimi ni Mama Kiende. Kiende wangu ana miaka mitano. Mume wangu, Kiogora, yuko Maua kwa kazi ya mjengo, kwa hivyo nyumbani tumebaki watatu: mimi, Kiende, na mamake Kiogora, anaitwa Ciakuthii.

Mwanzoni mwa mwaka, kiatu kilimchubua mama kidole kidogo cha mguu akivuna viazi. Kidonda kikakataa kupona. Daktari wa mjini akampa sindano ya kushusha sukari, ajidunge kila alfajiri, halafu akamwambia bila kuzunguka: "Mama, sukari isiposhuka ndani ya miezi mitatu, hicho kidole tunakata."

Mama hakulia. Alisema tu, "Nilizaliwa na kumi, nitazikwa na kumi."

Mimi ndiye nililia, mpaka askari wa getini akaniuliza nani amekufa.

Sasa, mimi Form Four nilimalizia shule ya jioni, ile watu wanaita ngumbaru. Nilikuwa nakaa dawati moja na wazee, Kiende mgongoni, tunasoma baiolojia kwa taa ya sola. Kwa hivyo Sista Nelius wa dispensari aliposema wanaanzisha vikundi vya mazoezi na lishe kwa watu wa sukari na presha, na wanatafuta mtu wa kusoma kijitabu cha Kizungu, mkono wangu ulipanda kabla hajamaliza kusema.

Nikawa mwenyekiti, nikapewa kimashine cha kupima sukari, mizani, daftari na fulana ya kijani iliyoandikwa AFYA KWANZA.

Hiyo fulana nililala nayo wiki nzima. Wueh.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Kila Alhamisi tunatembea nusu saa, tunamalizia kwa nyumba ya mmoja wetu, napima watu, nasoma ukurasa mmoja, tunaenda nyumbani. Mpango safi kabisa.

Shida ilikuwa moja. Hapa kwetu mtu haji kwako akatoka mdomo mkavu.

Alhamisi ya kwanza tulikuwa kwa Mzee Bundi, mwalimu mstaafu mwenye presha. Chai ya maziwa, kikombe kimoja. Nikasema hiyo si mbaya.

Ya pili tukaenda kwa Mukiri, yule mama muuzaji wa viazi. Yeye angewezaje kupikia watu chai tupu wakati Bundi alishapika chai? Akaweka na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga.

Ya tatu, mukimo na kuku.

Kufika ya sita kulikuwa na mbuzi, chapati na kreti ya soda, na majirani wazima kabisa walikuwa wamejiunga. "Hata mimi siku hizi nasikia kama nina presha," mmoja akaniambia, sahani mkononi.

Nilijaribu kukataa, msiseme sikujaribu.

"Mukiri, haya mafuta yote ya nini? Sisi ni wagonjwa."

"Unataka watu waseme nini, Mwenyekiti? Kwamba mlikuja kwangu nikawanywesha maji kama ng'ombe?"

"Lakini kijitabu kinasema..."

"Hicho kijitabu kimewahi kupokea wageni?"

Nikavuta sahani. Nikala.

Na kwa vile mimi ni mwenyekiti, nilipakuliwa wa kwanza, sahani ya kilima. Sketi yangu ya kanisa nikaanza kuifunga na pini. Mizani ilipoonyesha tumenenepa wote, niliandika kwenye daftari: "Mizani ina shida." Sukari za watu zilipopanda, nikaandika: "Hali ya hewa."

Mama peke yake hakutaka nimpime. "Pima wageni," alikuwa anasema. "Mimi Sista hunipima Jumatatu nikienda kufungwa kidonda." Nikaona huyu anaficha kitu. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili miezi mitatu iishe.

Sasa unaelewa ile alfajiri nilivyosikia nikimwona gizani na sufuria mapajani. Nikasema, kumbe! Mimi nasaka njia ya kuokoa kidole, na mwenye kidole anakihujumu usiku.

Sikumuuliza. Mtu aliyesoma haulizi, anachukua hatua.

Nilienda sokoni nikanunua kufuli, kubwa kama la stoo ya viazi. Jumatano jioni nikafunga jiko, ufunguo nikautia kifuani.

Alfajiri nikasikia hatua zake zikienda jikoni. Zikasimama. Kufuli likaguswa kidogo. Halafu hatua zikarudi polepole, na mlango wa chumba chake ukafungwa.

Hakubisha. Hakuniita.

Mungu anisamehe, nilitabasamu ndani ya blanketi.

Kulipokucha jiko sikulifungua, nikasema tutakula kwa wenyeji. Saa tatu tukaanza matembezi. Tulipofika kwenye mashamba ya viazi nikaona mama anatoka jasho. Kwa ile baridi, jasho. Akasimama mbele ya Mzee Bundi, akamnyooshea kidole.

"Wewe, rudisha mbuzi wangu."

"Mbuzi gani, Mama Kiogora?"

"Yule wa mahari. Ulimla na ndevu zake."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Nilicheka mpaka miguu yake ikalegea na akakaa kwenye tope.

Nikampima pale pale. Kimashine kikasoma mbili nukta tatu.

Kuna ukurasa kwenye kijitabu unaoeleza sukari ikishuka sana. Huo niliuruka. Nilijiambia, hiki ni kikundi cha watu ambao sukari imepanda, ya kushuka inatuhusu nini?

Bahati nzuri marehemu ndugu yake Mzee Bundi aliwahi kuugua hivyo. "Imeshuka!" akapiga kelele. "Apewe kitu kitamu haraka, akiwa bado anaweza kumeza!"

"Nani ana kitu kitamu?" nikauliza.

Watu wazima wote wakageuka kutazama mlima kana kwamba umehama. Hawa ndio waliokuwa wameniapia, mmoja mmoja, kwamba sukari wameisahau hata rangi yake.

"Jamani atakufa! Siandiki jina la mtu!"

Mzee Bundi akakohoa. Akavua kofia. Ndani ya kofia, peremende mbili.

Mukiri akatugeuzia mgongo, akachimba kifuani, akatoa mandazi na sukari iliyofungwa kwa nailoni. Mzee mwingine akavua gambuti akatoa chupa ya soda, imebaki nusu, ina joto la mguu. Akatokea wa keki. Akatokea wa njugu za sukari. Kufumba na kufumbua tulikuwa na duka pale kwenye nyasi.

Na mimi? Mimi nikafungua zipu ya mkoba, nikainua daftari la AFYA KWANZA, nikatoa pakiti ya biskuti za krimu.

Mukiri akaniangalia. "Mwenyekiti."

"Nyamaza, Mukiri. Leta hiyo soda."

Tukamnywesha kidogo kidogo, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Sikumbuki nilikuwa naomba nini, nakumbuka tu nilikuwa naomba kwa Kimeru. Ikapita kama dakika kumi. Akapepesa macho, akatazama lile rundo la vitamu.

"Hii ni harusi ya nani?"

Sista Nelius, ambaye alikuwa amepigiwa simu, akafika na pikipiki. Alimpima tena, ikawa imepanda vizuri. Ndipo akauliza, "Mama, leo ulikula baada ya sindano?"

Mama akaniangalia mara moja, halafu akaangalia viazi vya watu. Angeweza kusema. Hakusema.

Nikachomoa ufunguo kifuani. "Ni mimi, Sista. Nilifunga jiko. Nilimwona anakula alfajiri."

"Si ni mimi nilimwambia ale!" Sista akashika kichwa. "Anajidunga, halafu anakula nduma kipande kimoja na sukuma wiki. Sukari yake inashuka wiki ya sita sasa. Ni yeye tu kwa kikundi chako chote!"

Akainama, akafungua bendeji pale pale. Kidonda kilikuwa kimekauka, ngozi mpya ya waridi imeanza kukifunika.

"Kidole hakikatwi," akasema.

Nilikaa chini kwenye tope, na fulana yangu.

"Na karamu za kila Alhamisi, mama? Si nilikuona ukila?"

"Uliona kijiko kikienda mdomoni. Hukuona kikirudi. Nyama nilikuwa nampa Kiende, mukimo nikiwapa mbwa wa wenyewe."

Mukiri akashtuka. "Hata wangu?"

"Mbwa wako aliupenda sana."

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Niseme nini, mwari? Kwamba nakula kwangu gizani ili nisile kwa watu? Hayo ni matusi. Na wewe ulikuwa na furaha sana na hiyo fulana."

"Basi leo asubuhi si ungeniomba ufunguo!"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha aibu. "Mimi? Niombe mke wa mwanangu chakula kama mtoto? Afadhali kidole kiende."

Pale nililia, na hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Siku hizi hatukutani nyumbani kwa mtu. Tunakutana kiwanja cha shule ya msingi, mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni, kwa hivyo hakuna wa kuaibika. Kila mtu na chupa yake ya maji. Peremende za dharura anazo Mzee Bundi, anazilinda kama karatasi za mtihani. Kufuli nilimpa Mukiri afungie viazi. Na kwa daftari siandiki tena hali ya hewa. Mtu akila chapati tatu, naandika chapati tatu.

Mama anatembea mbele yetu sote, na vidole vyake kumi.

Funzo langu ni hili. Nilidhani afya ni kusoma kijitabu kwa sauti kubwa. Kumbe karibu na mimi kulikuwa na mtu anayekifuata chote, kimya, huku akilinda heshima ya kila nyumba na ya kwangu pia, na kazi yangu ilikuwa kumuuliza tu: mama, wewe unafanyaje? Kabla hujafungia mtu mlango kwa ajili ya afya yake, muulize.

Nilitaka kuishia hapo, inapendeza. Lakini nitasema na hili.

Alhamisi iliyopita nilipima watu wote. Sukari zilikuwa zimeshuka, wakapiga makofi. Nikafunga kimashine kwenye kiboksi, nikanyoosha fulana yangu, nikakohoa nianze hotuba.

Kiende, ambaye alikuwa ameketi juu ya mizani akichezea kamba ya kiatu, akainua kichwa, akaninyooshea kidole mimi na kusema, wote wakisikia:

"Mama bado hajapimwa."