Fahali Niliyemtetea kwa Baba Mkwe

Nilipoolewa Homa Bay, miaka michache kabla ya Uhuru, nilitoka upande wa mpakani, kwa Wakuria, na Kijaluo sikukijua zaidi ya salamu. Wakwe zangu nao Kikuria hawakukijua. Basi tulipendana na kugombana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Baba mkwe aliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, maana huko mke huitwa kwa alikotoka.

Mume wangu alikuwa na bucha karibu na soko. Alikuwa hodari wa kuongea na wateja, lakini kisu kilimshinda. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, aliikata kama mtu anayepasua kuni. Kwa hiyo nilikata mimi, nyuma ya pazia, na sifa alichukua yeye. Ndivyo nilivyogundua jambo. Kila maksai aliyezaliwa na ng'ombe mweusi wa mama mkwe, nyama yake ilikuwa na mafuta membamba yaliyotawanyika ndani kwa ndani, kama nyuzi nyeupe kwenye kitambaa chekundu. Wengine wa boma lilelile, waliokula majani yaleyale, walikuwa na mafuta ya juu tu, na ndani wakavu. Wateja walishajua, wakawa wanafika na kuuliza kama "ile laini" ipo.

Mama mkwe alisema ni Mungu. Mume wangu alisema ni ucheshi wake. Mimi nilisema ni damu ya yule ng'ombe mweusi, nikaambiwa nikate nyama.

Tatizo lilikuwa baba mkwe na jembe lake la kukokotwa. Kila ndama dume aliyekua mpana na mtulivu alihasiwa ili alime. Fahali wa kubaki na majike alichaguliwa kwa pembe na sauti. Aliyekuwapo wakati huo alikuwa na pembe za kutundika kofia za wazee wote wa ukoo, na makalio ya mbuzi. Jioni alipolia, baba mkwe alisimama mlangoni akitabasamu kama vile ni yeye mwenyewe aliyelia. Hivyo wazuri wote waliishia shambani na kwangu buchani bila kuacha mtoto, na mwenye pembe akazaa ukoo mzima wa mifupa.

Ng'ombe mweusi alizaa madume matupu. Alipozeeka alizaa mmoja wa mwisho, mpana, mtulivu, mwenye vipembe vya aibu. Huyo akihasiwa, nyama ile ingekwisha, na nadhani bucha yetu pia. Ndama alipofikia umri, baba mkwe akamwita bwana mifugo aje na koleo lake la chuma la kuhasia.

Nilimsihi mume wangu aseme na baba yake. Akajibu, "Mwambie wewe." Mimi! Mke wa mwana nizungumze na baba mkwe habari za kati ya miguu ya fahali! Kwetu ni mwiko, na kwao ni mwiko mara mbili. Nilimwendea mama mkwe. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, kisha akakataa.

Siku hiyo ndama alikuwa ameshaangushwa na kufungwa kamba, wazee wamekaa, bwana mifugo amefungua koleo. Nilipeleka chai, hiyo ikiwa ndiyo sababu yangu ya kufika pale. Mdomo ukasema wenyewe.

"Baba, hiyo usiguse."

Bwana mifugo alilitazama koleo kana kwamba ndilo lililoongea.

"Nyar Kuria, unasema nini?" baba mkwe akauliza.

"Hiyo ikae dume ya boma. Ile ya pembe ndiyo ifungwe."

"Wewe si unapenda mafuta? Maksai ndiyo inanona. Dume ni mfupa na hasira tu."

"Itanona yenyewe, Baba. Na watoto yake itatoka wapi?"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema, akiwaangalia wazee wampongeze.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba."

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Baba mkwe alinitazama, halafu akawatazama wanangu waliokuwa wamepanda juu ya ghala waliyokatazwa kuipanda.

"Kumbe ndiyo sababu wajukuu yangu haisikii mtu," alisema.

Wazee wakaangua kicheko. Ndama akafunguliwa, na kwa kuwa bwana mifugo asingerudi mikono mitupu, mwenye pembe ndiye aliyeonja koleo. Baba mkwe alinuna siku kadhaa.

Baadaye aliligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Kila mtoto wa fahali wangu alipozaliwa, alimbonyeza mbavu na kuniita, "Nyar Kuria, umeona mafuta?"

"Bado, Baba. Ngozi imenizuia."

Aliapa kwamba siku wa kwanza wao atakapochinjwa, atakuja buchani kusimama mbele ya gogo la kukatia nyama, aone kwa macho yake. Nyama ikiwa kavu, nira nitaivaa mimi. Nilicheka, lakini niliogopa. Mama zao walikuwa mabinti wa yule mwenye pembe, na damu ikichanganyika hujui ipi itashinda.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati wa kulima, baba mkwe aliugua kidogo tu, akafa. Maksai wa kwanza wa fahali yule akachinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Wanaume walichuna, kisha wakaniletea mgongo, wasije wakauharibu.

Niliipitishia kisu sarara, nikaifungua. Nyuzi nyeupe zilikuwamo, nyembamba, kila mahali, kuzidi hata za ng'ombe mweusi. Nikainua kile kipande, nikageuka upesi, na nilishaanza kuita, "Baba, njoo uone."